Milia, mazingira na mstari wa 212

Siku ya 1

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniuliza kwa nini elektroni inaweza kupita njia mbili kwa mara moja, lakini kiti hakiwezi kuwa sehemu mbili. Nikamjibu palepale: "Kiti kinapimwa na mazingira yake, kwa hiyo wimbi lake linaanguka, yaani linabaki mahali pamoja tu." Akaitikia kwa kichwa, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini mjomba, hayo mazingira nayo si atomi tu? Yenyewe yanapimwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Sentensi niliyompa nimeisikia na kuirudia miaka mingi, na sikuwahi kuikagua. Sasa nimeiandika kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani juu ya meza: MAZINGIRA YANAPIMA, KWA HIYO WIMBI LINAANGUKA. Mradi huu ni wa kuipitia neno kwa neno, nijue lipi linasimama na lipi halisimami.

Kazi ina sehemu mbili. Mezani kutakuwa na leza na mipasuo miwili, ili nione kwa macho yangu milia ya uingilianaji wa mawimbi ikija, ikitoweka na ikirudi. Kwenye kompyuta nitaandika programu ifanye hesabu ya chembe mojamoja, maana hilo leza yangu haliwezi.

Siku ya 3

Bamba lenye mipasuo miwili limesimama. Kutoka mpasuo mmoja hadi wa pili ni milimita 0.5, leza ni nyekundu ya nanomita 650, ukuta uko mita 3 mbele. Nilizima taa na milia ikawa pale: nyekundu, giza, nyekundu, giza, nafasi kati ya mlia na mlia ikiwa karibu milimita nne. Hesabu inatoa 3.9, yaani urefu wa wimbi mara umbali wa ukuta, gawanya kwa nafasi iliyo kati ya mipasuo.

Mwaka 1803 Thomas Young alifanya jaribio la jamii hii kwa mwanga wa jua. Badala ya mipasuo alitumia kipande chembamba cha kadi, akaona milia ndani ya kivuli chake. Alipoziba mwanga wa upande mmoja wa kadi, milia hiyo ikatoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili uliendelea kufika. Nami nimeziba mpasuo mmoja kwa ukingo wa wembe, nikiusogeza pole pole. Milia ikafifia hadi pakabaki wekundu mmoja usio na mgawanyo. Nikaondoa wembe, ikarudi. Nimerudia labda mara kumi na tano, na kila mara moyo unaruka pale pale: unaongeza mwanga, na sehemu iliyokuwa inang'aa inaingia giza.

Kipimo nitakachotumia hadi mwisho nitakiita ukolevu wa milia. Unachukua mwangaza mkubwa kabisa, unatoa mdogo kabisa, unagawanya kwa jumla yao. Ukipata 1, milia imekolea kikamilifu. Ukipata 0, hakuna milia. Picha ya leo imenipa 0.8.

Siku ya 6

Leo nilitaka kuziwekea njia alama. Kwenye mpasuo wa kushoto nilibandika kichujio cha polaraizesheni kinachopitisha mwanga unaotikisika wima. Kwenye wa kulia, kinachopitisha mwanga unaotikisika mlalo. Kazi ya kubandika ilinichukua asubuhi nzima chini ya kioo cha kukuzia, kwa sababu vipande viwili lazima vikutane katikati ya mipasuo bila kuingia juu ya mmojawapo. Nikawasha leza. Milia haikuwepo. Nikaandika kwenye daftari kwa furaha: "Alama imewekwa, milia imetoweka, nadharia iko sawa."

Mpwa wangu ndiye aliyeziba mpasuo wa kushoto kwa kidole, bila kuambiwa. Ukuta ukawa giza kabisa. Maana yake mpasuo wa kulia haukuwa ukitoa mwanga hata chembe. Leza ndogo za aina hii huwa tayari zina polaraizesheni yake, na yangu ilikuwa imekaa wima. Kichujio cha mlalo kilikuwa kinaizuia yote. Milia ilitoweka kwa sababu ileile ya wembe wa siku ya 3, na alama niliyoisherehekea haikuhusika.

Nimelifuta lile neno la furaha kwenye daftari na kuandika chini yake: milia ikitoweka, uliza kwanza imetowekaje. Naona hili litarudi.

Siku ya 7

Nimeizungusha leza nyuzi 45 ndani ya kishikizo chake. Sasa kila mpasuo ukiachwa peke yake unatoa mwanga sawa na mwenzake. Ikiachwa yote miwili, ukuta unakuwa na wekundu mpana usio na mlia hata mmoja. Hii ndiyo alama yenyewe. Hakuna kilichozibwa wala kutikiswa, na hakuna mtu aliyeisoma hiyo alama. Imetosha tu kwamba taarifa ya njia imeandikwa ndani ya mwanga wenyewe.

Halafu nikamwambia, "Shika hiki, mwanangu, kiweke mbele ya ukuta, kigeuze nyuzi 45." Ni kichujio cha tatu. Alipokigeuza, milia ikachomoza kutoka kwenye ule wekundu kama picha inayopata umakini. Akapiga ukelele. Nikamwomba akigeuze upande wa pili, nyuzi 45 za kinyume. Milia ikapotea katikati ya safari kisha ikarudi, ila imehama: palipokuwa na mwanga pakawa giza, palipokuwa na giza pakawa mwanga.

Tumepiga picha mbili, kila moja kwa pembe yake, na kuzijumlisha doti kwa doti kwenye kompyuta. Jumla imetoa wekundu mmoja usio na milia, ule ule wa mwanzo. Nimekaa na jambo hili usiku kucha. Watu wengi husimulia jaribio hili kama kwamba kichujio cha tatu kinafuta historia na kubadilisha kilichokwisha kutendeka. Picha zangu mbili hazisemi hivyo. Milia ilikuwemo muda wote, makundi mawili yamelaliana na kufichana, na kichujio kinachofanya ni kuchambua kundi moja kutoka lingine. Asiyekuwa na kichujio hawezi kuyatenganisha.

Baadaye nilijaribu pembe za kati. Vichujio viwili vya mipasuo vikiachana nyuzi 60, nadharia inadai ukolevu ushuke hadi nusu ya ule wa mwanzo, na picha zangu ziko karibu na hapo. Kwa hiyo alama inaweza kuwa nusu-alama. Milia inafifia kadiri njia zinavyotofautishika. Haingoji mtu "apime" ndipo itoweke ghafla.

Siku ya 9

Lazima niwe mkweli kwa nafsi yangu. Kila nilichofanya mezani kinaelezeka kwa wimbi la kawaida la mwanga, la kabla ya nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo. Leza inamwaga fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi mno kwa pamoja, na mawimbi ya Young yanatosha.

Ajabu inaanza chembe zinapokuja moja moja. G. I. Taylor alipiga picha za milia kwa mwanga hafifu mno mwaka 1909, lakini mwanga kuwa hafifu hakuthibitishi kwamba fotoni zinapita mojamoja. Jaribio lililofunga mjadala huo ni la Grangier, Roger na Aspect mwaka 1986: walionyesha kwamba fotoni yao haigawanyiki kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, inaonekana upande mmoja tu, kisha fotoni zilezile, zikipewa njia mbili zinazokutana tena, zikatoa milia. Kwa elektroni kuna kazi ya Tonomura na wenzake ya mwaka 1989. Ukiitazama, nukta moja inatua hapa, nyingine kule, bila mpangilio wowote, na baada ya maelfu ya nukta milia inajengeka yenyewe.

Hapo kuna mambo mawili, na nayaandika mbalimbali kwa makusudi. Kuna milia, ambayo ni ya kundi zima. Na kuna nukta, ambayo ni ya chembe moja. Sentensi iliyoko ukutani inadai kueleza vyote viwili kwa pumzi moja.

Siku ya 14

Programu imeanza kutembea. Nimetengeneza chembe yenye njia mbili, kushoto na kulia, ikiwa katika superposisheni sawasawa, yaani hali moja yenye njia zote mbili kwa pamoja. Kuizunguka nimeweka mazingira: sumaku ndogo za kwanta, idadi yoyote nitakayo. Kila sumaku inazunguka upande mmoja ikiwa chembe iko kushoto, na upande wa kinyume ikiwa kulia, kila moja kwa kasi yake. Ni mfano ambao Wojciech Zurek aliuchambua mwaka 1982, na uzuri wake ni kwamba unahesabika hadi mwisho bila kukadiria.

Hali ya chembe peke yake inaandikwa kwenye matriksi, yaani jedwali la namba, ya mbili kwa mbili. Namba mbili za kwenye mshazari mkuu ni uwezekano wa kushoto na wa kulia, 0.5 na 0.5, na hizo hazibadiliki. Namba za pembeni ndizo zinazobeba milia. Kila moja ni 0.5 ikizidishwa kwa namba ninayoiita r, inayoanza ikiwa 1. Ukolevu wa milia unafuata r. Na r, katika mfano huu, ni zao la kosaini, kosaini moja kwa kila sumaku.

Pia skrini inachora nukta, kama za Tonomura, ili mpwa wangu apate cha kutazama.

Siku ya 15

Sumaku moja: r inashuka hadi sifuri, inaingia upande hasi, inarudi, tena na tena. Hiki ni kichujio changu cha mezani. Taarifa ya njia imeandikwa mahali pamoja, na inafutika kwa urahisi.

Sumaku mbili: inacheza, lakini inakosa kurudi kamili kwa muda mrefu.

Sumaku ishirini zenye kasi za kubahatisha: r inaporomoka na hainyanyuki tena. Nimeiacha iende usiku kucha na yote niliyoyaona ni mtetemo mdogo kuzunguka sifuri. Hesabu ya karatasi inasema wastani wa r mraba kwa muda mrefu ni nusu iliyozidishwa kwa nusu mara ishirini, yaani 1 juu ya 1,048,576. Kuirudisha milia kungenilazimu kuzikamata sumaku zote ishirini, kuzipima zote kwa pembe inayofaa, na kuchambua matokeo kundi kwa kundi. Sasa fikiria mazingira ya kiti: molekuli za hewa, fotoni za joto, mwanga uliokwisha kutoka dirishani. Hakuna wa kuzikusanya.

Hii ndiyo dekoherensi, na kuiona ikitokea kwenye mchoro niliouandika mwenyewe kumenipa furaha ambayo sikuitarajia. Hakuna kanuni mpya iliyoongezwa. Ni mlinganyo wa Schrödinger uleule, unaosema jinsi wimbi la chembe linavyobadilika kwa muda, ukiendelea na kazi yake, na milia inaondoka.

Siku ya 19

Kosa kwenye programu: alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Siku nzima imeishia hapo.

Siku ya 21

Leo nimesoma majaribio ya kweli, kwa sababu programu haithibitishi kitu kuhusu dunia.

Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger huko Vienna lilipitisha molekuli za C60, mipira ya atomi 60 za kaboni, kwenye wavu wenye mipasuo inayofuatana kila nanomita 100, na milia ikaonekana. Mwaka 2004 wenzao wa Vienna walichukua C70 na kuzipasha joto kwa leza kabla hazijaingia kwenye kifaa. Kadiri molekuli zilivyokuwa na moto zaidi, ndivyo zilivyotoa mwanga wake zenyewe zikiwa njiani, kama chuma kilichochomwa, na ndivyo milia ilivyofifia, hatua kwa hatua, kulingana na hesabu ya dekoherensi. Hakuna aliyezipokea zile fotoni, achilia mbali kuzisoma. Ilitosha kwamba zimeondoka na taarifa ya mahali zilipotoka.

Na mwaka 1996, jijini Paris, Serge Haroche, Michel Brune na wenzao walitengeneza ndani ya kisanduku cha vioo superposisheni ya uga wa mikrowevu wenye fotoni chache, wakaitazama ikipoteza sura yake ya kwanta kadiri muda unavyopita. Kadiri sehemu zake mbili zilivyoachana zaidi, ndivyo ilivyopotea haraka zaidi. Kwangu hilo ndilo jibu zuri kuliko yote kuhusu kiti: sehemu mbili za kiti zingeachana mno, na mazingira yake hayalali.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya sentensi inasimama, ila nimebadilisha neno moja. Mazingira hayapimi. Mazingira yanaandika.

Siku ya 22

Hii ndiyo siku ya mradi.

Nilitaka kujua ni hatua ipi hasa ndani ya hesabu ambapo chembe inachagua kushoto au kulia. Niliamini iko mahali r inapokaribia sifuri. Nikapitia programu mstari kwa mstari. Mlinganyo wa Schrödinger, kuzungusha sumaku, kufupisha hali nzima kuwa matriksi ndogo, kuchora r. Hakuna uchaguzi popote. Nikafika mstari wa 212. Pale programu inaomba namba ya kubahatisha kati ya 0 na 1. Ikiwa chini ya 0.5 inachora nukta kushoto, la sivyo kulia. Pembeni yake kuna maelezo niliyoandika kwa mkono wangu siku ya 14: "hapa mazingira yanapima."

Mazingira yalikuwa mistari sitini juu yake, yamemaliza kazi yao, na hayakuuita mstari huo. Niliuandika mimi.

Nimeufuta na kuiendesha programu upya. r ikashuka vilevile. Matriksi ikatulia kwenye 0.5 na 0.5, pembeni sifuri na sifuri. Skrini ya nukta ikabaki nyeusi. Nikangoja. Nikaongeza sumaku hadi mia, nikitumia zao la kosaini kwa sababu hali nzima isingeenea kwenye kompyuta yoyote. r ikawa ndogo mno, kwenye mchoro haitofautiki na sifuri. Nukta haikutokea.

Jibu la haraka linalokuja akilini ni hili: matriksi yenye 0.5 na 0.5 bila namba za pembeni ni sawa na kusema "ama kushoto ama kulia, ila hatujui ipi." Nilikuwa nikilitoa jibu hili mwenyewe. Basi nikaandika programu tatu fupi za kulijaribu. Ya kwanza inarusha sarafu na kuandaa chembe kushoto tupu au kulia tupu. Ya pili inaandaa superposisheni kila mara, lakini inatikisa ovyo fezi yake, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mtikisiko wake, kama mtu anayegonga meza yangu ya leza. Ya tatu ni ile ya sumaku. Zote tatu zinatoa matriksi moja, namba kwa namba, na hakuna kipimo cha chembe peke yake kinachoweza kuzitofautisha.

Ila ni ya kwanza tu ambayo chembe kweli ilikuwa upande mmoja. Katika ya pili kila chembe ilipita njia zote mbili na fezi yake ilikuwepo, hatukuijua tu. Katika ya tatu hakuna kitu ambacho hatukijui: hali nzima ya chembe pamoja na sumaku imeandikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kamili, na ndani yake kushoto na kulia vyote vimo, kila kimoja kimefungamana na nakala yake ya mazingira. Matriksi ile haisemi "ama". Mwenye kuweka "ama" ni msomaji.

Ni somo la siku ya 6, leza na kidole cha mpwa wangu. Milia ikitoweka, uliza imetowekaje.

Siku ya 24

Nimemweleza mpwa wangu, naye akanikumbusha kwamba hilo ndilo aliloliuliza. Ni kweli kabisa. Mazingira ni atomi, kamera ni atomi, jicho ni atomi. Ukiviweka vyote ndani ya mlinganyo, superposisheni haikomi. Inapanuka na kuvimeza. John von Neumann alilichora hili waziwazi mwaka 1932: unaweza kuuweka mpaka wa kipimo baada ya chembe, au baada ya kifaa, au baada ya jicho, na utabiri hautabadilika. Lakini mahali fulani lazima uuweke. Schrödinger alimfungia paka wa kufikirika ndani ya sanduku mwaka 1935 ili kuonyesha ugumu huohuo.

"Kwa hiyo sikukosea kuuliza," akasema.

"Hukukosea hata kidogo."

Siku ya 30

Wiki nzima nimekuwa nikisoma tafsiri mbalimbali za nadharia ya kwanta, na nimegundua kwamba ninazielewa vizuri zaidi nikiziuliza swali moja tu: unaupeleka wapi mstari wa 212?

David Bohm, mwaka 1952, anaupeleka mwanzoni mwa programu. Bahati nasibu inafanyika mara moja, pale chembe inapopewa mahali halisi pa kuanzia. Baada ya hapo wimbi linaiongoza bila kubahatisha tena. Nimeliandika toleo hili na linafanya kazi: kila chembe inapita mpasuo mmoja, kwa mkondo uliopinda ajabu, na milia inajengeka. Dekoherensi humo ina kazi ya maana, inazuia mikondo ya kushoto isiguswe tena na wimbi la kulia. Gharama yake ni kwamba chembe mbili zilizofungamana zinaongozana papo hapo hata zikiwa mbali sana, na tangu kazi ya John Bell ya mwaka 1964 tunajua kwamba kukwepa gharama ya aina hiyo si rahisi.

Ghirardi, Rimini na Weber, mwaka 1986, wanautawanya mstari ule ndani ya mlinganyo wenyewe. Kila chembe ina uwezekano mdogo mno wa kubanwa mahali pamoja kwa ghafla, takriban mara moja katika sekunde 10 kwa kipeo cha 16, yaani zaidi ya miaka milioni 300. Chembe moja haitauona ukibadilisha jaribio lake. Lakini kitu chenye chembe 10 kwa kipeo cha 23 kinapata mibano milioni 10 kila sekunde, na mbano mmoja unatosha kukiweka chote upande mmoja. Hili nalipenda kwa sababu linaweza kukutwa na kosa: ni fizikia tofauti, na wanaopitisha molekuli kubwa zaidi na zaidi kwenye nyavu wanalisogelea. Mwaka 2019 huko Vienna walifikia molekuli zenye uzito unaozidi wa atomi ya haidrojeni mara 25,000.

Hugh Everett, mwaka 1957, anaufuta mstari na kuiacha skrini nyeusi. Kila tawi la hali nzima lina nukta yake na mtazamaji wake, na dekoherensi ndiyo inayoyafanya matawi yasiingiliane. Bila dekoherensi tafsiri hii isingekuwa na matawi ya kuzungumzia. Ninakwama penye uwezekano. Nikibadilisha superposisheni kuwa 0.9 na 0.1, matawi bado ni mawili, na lazima nielezwe kwa nini nitarajie nukta ya kushoto mara tisa kwa kumi. Majibu yapo, na watu makini wameyafanyia kazi. Mimi bado sijaridhika nayo.

Na wako wanaosema mstari wa 212 haukuwa wa programu kamwe, ni wa mtumiaji: wimbi ni hesabu ya matarajio yangu, na nukta ikitua ninasahihisha matarajio. Ni msimamo ulionyooka. Swali langu kwao ni lile la mpwa wangu, mtumiaji naye si atomi?

Siku ya 36

Nisije nikaidharau dekoherensi baada ya kumaliza kuisifu. Kuna jambo lililonipita siku ya 15 na leo nimelikamata. Katika programu ya sumaku nilijaribu kuanza na chembe iliyo kushoto tupu. Haikuguswa: r haikuhusika, hali ikabaki safi. Nilipoanza na "kushoto jumlisha kulia", ikachafuka mara moja. Kwa hiyo mazingira hayatendi sawa kwa kila hali. Yanaziacha hali zile ambazo mwingiliano wenyewe unazitambua, na yanazisambaratisha nyingine. Nguvu za asili zinategemea umbali kati ya vitu, ndiyo maana vitu vikubwa tunavikuta vina mahali, na si jumla ya mahali pawili. H. Dieter Zeh alianza kulisema hili mwaka 1970, karibu bila wa kumsikiliza, na Zurek akalipa umbo mwaka 1981. Kabla yao, mtu aliyeuliza kwa nini kifaa kinaonyesha "kushoto au kulia", wala si mchanganyiko mwingine wowote, alilazimika kuagiza jibu kwa amri.

Kwa hiyo dekoherensi inatuambia orodha ya majibu yanayowezekana, inatuambia kwa nini milia haionekani, na inatuambia kwa kasi gani inaondoka. Jibu moja kutoka kwenye orodha haitupi.

Siku ya 38

Nimebandua karatasi ya ukutani. Mpwa wangu ndiye aliyeandika mpya, tukibishana kila neno kwa karibu saa nzima. Alitaka "kwa hiyo" ibaki, nikakataa; ndilo neno ambalo mradi mzima haukulipata mahali. Sasa inasomeka hivi: MAZINGIRA YANAANDIKA NJIA, MILIA INATOWEKA. NUKTA NI SWALI LA PILI.

Kisha akaomba aione skrini nyeusi. Nikaufunga mstari wa 212, tukaendesha programu, tukakaa tukiitazama r ikishuka. Baada ya dakika chache akasema inatosha. Nikaufungua, na pembeni yake, palipokuwa na "hapa mazingira yanapima", nikaandika: "kanuni ya Max Born, 1926, inayotoa uwezekano kutoka kwenye wimbi; hesabu iliyo juu haijauleta mstari huu." Nukta ya kwanza ikatua kulia.